Mumbai: Visiwa saba vilivyofukiwa, na bado vipo

Dereva wa bajaji aliegesha kando ya barabara, akazima injini, akanyoosha kidole mbele.

"Aage nahi," alisema. Mbele haendi.

Tulikuwa ukingoni mwa Bandra, jirani na barabara inayovuka maji kuingia Mahim. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mwezi wa Mei, joto la kukausha samaki, na hospitali alikolazwa mama yangu mkubwa iko kusini kabisa mwa jiji. Mimi ni mtu wa Tanga. Najua dereva anayekata safari katikati anatafuta nini. Nikatoa noti ya rupia 50 juu ya nauli, nikamnyooshea. Akaitazama, akatikisa kichwa, akashuka. Akapungia teksi nyeusi yenye paa la njano, akazungumza na mwenzake maneno mawili matatu, akanifungulia mlango. Alichukua kile kilichosomeka kwenye mita, hakuongeza hata sumni, akageuza bajaji na kurudi alikotoka. Nilibaki na noti yangu mkononi, na aibu juu yake.

Dereva wa teksi ndiye aliyenifungua macho. Bajaji haziruhusiwi kuingia kusini mwa jiji. Upande wa magharibi mwisho wake ni Bandra, upande wa mashariki ni Sion. Ukivuka hapo utapanda teksi, basi au treni. Na kwanza, alisema akicheka, hakuna anayeiita bajaji. Hapa ni "riksha" au "oto". Bajaj ni jina la kampuni, na makao yake yako Pune, jimbo hilohilo la Maharashtra. Sisi tumechukua jina la mwenye kiwanda tukakibatiza chombo.

Usiku ule, nimekaa kwenye benchi la hospitali, nilifungua ramani ya zamani ya jiji hilo na kuiweka kando ya ramani ya leo. Mpaka wa bajaji unapita karibu mle mle ulimopita mkono wa bahari uliotenga kisiwa cha Mahim na kisiwa kikubwa cha Salsette, kaskazini yake. Visiwa viliunganishwa zamani. Bajaji bado zinavihesabu.

Mahari ya visiwa

Mama mkubwa alipelekwa Mumbai kwa ajili ya moyo, kama Waafrika Mashariki wengi wanavyopelekwa India. Mishipa ilizibuliwa, akawekewa kile kibomba kidogo cha waya, na baada ya hapo ikawa ni kungoja: vipimo, dawa, mapumziko ya karibu wiki mbili kabla ya kuruhusiwa kupanda ndege. Muda wa kumwona mgonjwa ulikuwa mfupi, na yeye hakutaka nikae nje ya wodi nikihesabu vigae. "Nenda ukatembee," aliniambia, "ila jioni uje uniambie umeona nini. Usiniletee habari za maghorofa. Maghorofa nayaona dirishani."

Nikaanza na hadithi ya visiwa. Nilimweleza kwamba mahali ulipo mji wa kale palikuwa na visiwa saba: Colaba, kisiwa kidogo kilichoitwa cha Bikizee, Bombay, Mazagaon, Parel, Worli na Mahim, navyo vilikuwa vya wavuvi wa kabila la Koli kabla ya wote. Mungu wao wa kike, Mumbadevi, ndiye aliyeupa mji jina ulilorudishiwa rasmi mwaka 1995. Wareno walivichukua visiwa hivyo katika karne ya 16, na kwa mkataba wa mwaka 1661 wakampa mfalme wa Uingereza, Charles wa Pili, alipomwoa binti yao Catherine wa Braganza.

"Kwa hiyo mke ndiye aliyekuja na mahari?" aliuliza mama mkubwa.

"Ndiyo, mama."

"Visiwa saba?"

"Saba. Na mfalme hakuwa na kazi navyo. Mwaka 1668 akavikodisha kwa Kampuni ya East India, pauni 10 kwa mwaka."

Alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Pauni kumi, alisema, hata chumba cha Ngamiani, kwetu Tanga, hupati.

Kampuni ile ndiyo iliyoanza kufukia. Katika karne ya 18 iliziba mlango wa maji kati ya Worli na Bombay, na kufikia katikati ya karne ya 19 visiwa vyote saba vilikuwa vimeshikana kwa mawe, udongo na vilima vilivyokatwa. Juu ya ardhi ile na nchi iliyopanuka kaskazini yake, sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu milioni 12.4.

Bandari na ngome isiyo na kuta

Mgeni huanzia Colaba, kwenye lango kubwa la mawe lililokamilika mwaka 1924, Gateway of India. Jiwe lake la msingi lilitokana na ziara ya Mfalme George wa Tano ya mwaka 1911, na chini ya tao hilohilo, Februari 28, 1948, kikosi cha mwisho cha askari wa Kiingereza kiliondoka India. Watu hupiga picha, hununua njugu, hupanda boti. Mimi nilivutiwa na jina la gati lenyewe: Apollo Bunder. Mbele kidogo, karibu na stesheni kuu, kuna Bori Bunder. Bunder ni bandari, kama ulivyosikia. Na neno gati lenyewe tumelipata kwa watu wa huku. Kwao ghat ni ngazi au sakafu ya kuteremkia majini.

Meli za Karanja na Kampala zilikuwa zikitoka mji huu kwenda Mombasa, Unguja na Dar es Salaam mpaka miaka ya 1970. Mama mkubwa anayakumbuka majina yale kama wengine wanavyokumbuka majina ya mabasi.

Kaskazini ya Colaba kuna mtaa unaoitwa Fort, yaani ngome, lakini ukiitafuta ngome huioni. Kuta zake zilibomolewa miaka ya 1860 wakati wa gavana Bartle Frere, mji ulipokuwa umetajirika kwa pamba. Jina hilo msomaji wa Mombasa hatalipita hivihivi. Ni Frere huyohuyo aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa, na ndiye aliyeachia jina lake Freretown, kule Kisauni. Walioletwa kuishi Freretown miaka ile ya 1870, baadhi yao walikuwa Waafrika waliokombolewa baharini, wakasomeshwa Nashik, si mbali na Bombay. Wakajulikana kwa jina la "Waafrika wa Bombay".

Barghash naye alikuwa ameujua mji huu kabla Frere hajabisha hodi kwake. Alipoasi dhidi ya kaka yake, Sultani Majid, mwaka 1859, Waingereza walimhamishia Bombay, akakaa takriban miaka miwili. Alipokuja kutawala alivuta maji ya bomba mpaka mjini na kujenga Beit al-Ajaib, iliyokamilika mwaka 1883. Nilisimama mbele ya majengo ya Fort, yenye baraza ndefu na nguzo za chuma, nikajaribu kumwona kijana wa Kiarabu aliyefukuzwa kwao akipita hapo jioni na kutazama juu.

Stesheni kuu iko ukingoni mwa Fort. Leo inaitwa Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, ingawa wazee bado husema VT, kifupi cha jina la zamani. Imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2004, na ukiinua macho utaona nyani, tausi na mijusi wamechongwa kwenye mawe. Ila raha yake si mawe. Garimoshi la kwanza la abiria nchini India liliondoka eneo hili mwaka 1853 kwenda Thane, kilomita 34, na tangu hapo mji umejipanga kufuata reli.

Debe la mchana

Treni za mjini zina njia kuu tatu: ya Magharibi, ya Kati na ya Bandarini. Kwa rupia 5 unaanza safari ya daraja la pili. Milango ya treni nyingi haifungwi, watu wananing'inia, na kuna mabehewa ya wanawake peke yao. Mgeni hujifunza mambo mawili upesi. Kwanza, jua unashuka upande gani kabla hujapanda. Pili, usisimame mlangoni stesheni mbili kabla ya Dadar, kwa sababu hutashuka kwa hiari yako, utamiminwa.

Siku ya tatu nilisimama nje ya stesheni ya Churchgate saa tano na nusu asubuhi. Wanaume waliovaa kofia nyeupe za kitambaa walishuka na trei ndefu za mbao vichwani, kila moja imejaa vyombo vya bati vyenye kishikio. Ni chakula cha mchana kilichopikwa majumbani, vitongojini, kwenda kwa waume, wake na watoto walioko makazini mjini. Wanaitwa dabbawala. Kazi yao ilianza mwaka 1890, na kabla ya janga la Uviko walikuwa takriban 5,000 wakibeba milo ipatayo laki mbili kwa siku.

Niliomba ruhusa nikainama kutazama mfuniko mmoja. Ulikuwa na herufi na tarakimu za rangi: alama ya stesheni kilikotoka chombo, namba ya stesheni kinakoshukia, alama ya jengo, namba ya ghorofa. Hakuna jina la mtu wala anwani. Mikono minne au mitano huweza kukipokezana chombo kimoja kabla hakijamfikia mlaji, na jioni kinarudi tupu kwa njia ileile.

Nikamuuliza kijana aliyekuwa akipanga trei, hicho chombo kinaitwaje. "Dabba," alinijibu, akanitazama kama nimeuliza maji yanaitwaje.

Dabba. Debe. Nilitoka Tanga na neno lile mdomoni, nikapimia mahindi, nikachotea maji, sikujua lilikotoka. Tangu saa ile nikawa nawinda maneno kila mtaa. Kwenye tiketi kuna paisa, ambayo kwetu ni pesa. Mtu akitaja bei ya nyumba anahesabu kwa lakh, nasi tunasema laki. Nilipomwambia mama mkubwa, alitafakari, akaniuliza, "Sasa wao walichukua nini kwetu?" Sikuwa na jibu siku ile.

Machungwa ya Muheza

Kutoka stesheni kuu ukitembea dakika kumi kuelekea kaskazini unafika Crawford Market, soko la mwaka 1869 lenye paa refu na mnara wa saa. Mei ni msimu wa embe za hapus, zinazoletwa kutoka pwani ya Ratnagiri na Devgad. Huuzwa kwa dazeni, zimelazwa kwenye nyasi kavu kama mayai. Mwenye duka alikata kipande kwa kisu kidogo, akanipa kwenye ncha. "Amba," alisema kwa Kimarathi. Nikala. Nina ushabiki wangu wa embe dodo, lakini siku hiyo nilinyamaza.

Mbele ya soko mji hubadilika ghafla. Unaingia barabara ya Mohammed Ali, minara ya misikiti inatokeza kati ya nyaya, harufu ya nyama ya mkaa inakushika kola. Hii ndiyo Mumbai ya Waislamu, na usiku wa Ramadhani watu hutoka pande zote za jiji kuja kula huku. Ukikata kulia na kushoto unafika Bhendi Bazaar, mtaa wa Mabohora.

Hapa sikuhitaji ramani. Wanawake walivaa rida za rangi ya waridi na samawati, kama ninavyowaona Dar es Salaam na Mombasa. Wanaume kanzu nyeupe na kofia zenye mkanda wa dhahabu. Katikati ya mtaa kuna Raudat Tahera, kaburi la viongozi wao, jengo jeupe ambalo kuta zake za ndani zimeandikwa Kurani nzima kwa dhahabu. Kulizunguka, mashine zilikuwa kazini. Majengo ya zamani zaidi ya 200, ya ghorofa tatu nne zenye maduka chini na vyumba vya kupanga juu, yameingizwa katika mpango mmoja wa kuvunjwa na kujengwa upya kwa minara mirefu. Upande mmoja wa njia nilioupita kulikuwa na roshani za mbao zilizolegea. Upande wa pili vioo.

Kwenye duka la bizari, mzee mmoja wa ndevu nyeupe alinisikia nikijihesabia chenji kwa sauti. Aliinua kichwa.

"Wewe wa wapi?"

Aliuliza kwa Kiswahili. Kiswahili kilichokaa kabatini miaka mingi, chenye harufu ya kabati, lakini Kiswahili.

"Tanga, mzee. Shikamoo."

"Marahaba!" Alipiga meza kwa kiganja. Alizaliwa Tanga, aliniambia, akaondoka mtoto wa shule. Hakuniuliza habari za serikali wala bei ya dola. Aliuliza, "Machungwa ya Muheza bado matamu?"

Nikamwambia bado. Akanifungia bizari ya chai kwa ajili ya mgonjwa, akakataa malipo, na aliponiona natoka akaongeza kwa nyuma, "Haraka haraka haina baraka!" kama mtoto anayesoma ubao. Jioni nilimpelekea mama mkubwa jibu la swali lake: walichukua machungwa.

Kamba zisizo na vibanio

Tunapomwita mfua nguo dobi tunatamka neno la mji huu. Dhobi ndiye huyo, na karibu na stesheni ya Mahalaxmi kuna Dhobi Ghat, uwanja wa kufulia uliojengwa mwaka 1890. Watalii husimama darajani, wanatazama chini, wanapiga picha, wanaondoka. Kutoka juu unaona mamia ya mabirika ya saruji, kila moja na jiwe lake la kupigia, na nguo zilizoanikwa kwa rangi: safu ya suruali za bluu, safu ya mashati meupe, safu ndefu ya shuka za kijani.

Nilishuka chini kwa miguu. Mtu mmoja alikuwa amesimama kwenye maji mpaka magotini, anaikunja nguo, anaiinua juu ya bega, anaishusha kwenye jiwe. Kila pigo lilitoa sauti ya mlango unaofungwa kwa hasira. Siku hizi ziko mashine pia, lakini kuanika bado ni kwa njia ya zamani, nayo nilitamani kuiiba. Kamba huwa mbili, zimesokotwa pamoja. Mwanikaji anazipanua kwa vidole, anachomeka pembe ya nguo katikati, anaziachia, kamba zinaibana. Hakuna kibanio hata kimoja uwanja mzima, na upepo haukuangusha kitu.

Nguo zinatoka majumbani, hotelini na hospitalini, na kila moja ina alama ndogo pembeni ili isipotee. Nilizitazama shuka za kijani kwa muda. Mama mkubwa alikuwa amelalia za rangi ileile.

Kijiji cha viwanda

Parel, Lalbaug na jirani zake huitwa Girangaon, maana yake kijiji cha viwanda. Kuanzia miaka ya 1850 pamba ilisokotwa na kufumwa hapa, na watu wa vijijini walikuja wakapangishwa kwenye chawl: jengo la ghorofa kadhaa, vyumba vimepangana, baraza moja ndefu mbele, vyoo mwishoni. Aliyewahi kupanga chumba katika nyumba ya ua mmoja, ambamo kila mtu anajua mwenzake anapika nini, ataielewa chawl bila kuelezwa.

Januari 1982 wafanyakazi wapatao 250,000 waligoma, wakiongozwa na Datta Samant, daktari aliyegeuka kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mgomo ule haukutangazwa rasmi kwamba umekwisha. Ulififia tu, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, ardhi ikapanda bei. Leo unaingia kwenye jengo la maduka lenye ubaridi wa kutetemesha, unanunua kahawa, unatazama dirishani na kuona bomba refu la moshi la matofali limeachwa katikati ya maegesho kama pambo. Upande wa pili wa barabara, kwenye baraza ya chawl, wazee wamekaa na fulana wanalitazama bomba hilohilo. Wao wanalijua kwa muda lililokuwa likipigia king'ora.

Donge moja la udongo

Nilisita kwenda Dharavi. Umaskini wa watu si kivutio, na filamu zimeuchosha mtaa ule. Nilikwenda hatimaye na kijana mkazi wa humo ambaye sharti lake la kwanza lilikuwa simu ibaki mfukoni.

Dharavi ina ukubwa wa zaidi kidogo ya kilomita 2 za mraba, na wakazi wake wanakadiriwa kati ya laki sita na milioni moja. Jambo la kwanza unaloliona ni kwamba hakuna aliyekaa bure. Uchochoro huu wanasaga plastiki, ule wanashona mikoba ya ngozi, wa tatu wanaoka. Nao Kumbharwada ni uchochoro wa wafinyanzi, familia zilizotoka Gujarat vizazi kadhaa nyuma. Nyumba mbele ni karakana, nyuma ni chumba cha kulala, na katikati ya njia kuna tanuri la pamoja linalochochewa kwa mabaki ya pamba.

Mfinyanzi mmoja alikuwa akitengeneza diya, vile vitaa vidogo vya mafuta vinavyowashwa wakati wa Diwali. Hakuchukua udongo kidogo kidogo. Aliweka donge zima kwenye gurudumu, kubwa kama kichwa cha mtoto, akawa anafinyanga ncha yake tu: kidole gumba kinazama, ukingo unafunguka, anabana mdomo wa utambi, anakata kwa uzi, anaweka kando. Diya moja ilimchukua muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Nilihesabu 22, na donge halijaisha. Hakuwa anatazama mikono yake. Alikuwa akizozana na mtu aliye dirishani.

Dharavi nayo imo kwenye mpango wa kuvunjwa na kujengwa upya. Watakaopewa nyumba bure palepale ni wanaoweza kuthibitisha kwamba walikuwapo kabla ya mwaka 2000. Wapo wanaoungoja mpango kwa hamu. Choo cha ndani si jambo dogo kwa mtu aliyepanga foleni ya choo miaka 30. Lakini yule kijana aliuliza swali moja nililoondoka nalo: mfinyanzi akipewa ghorofa ya kumi na tano, tanuri ataliweka wapi?

Bandra niliipita haraka: vichochoro vizuri vya nyumba za Wakatoliki wa zamani, kanisa la Mount Mary, daraja la baharini la kilomita 5.6 lililofunguliwa mwaka 2009, na umati wa vijana nje ya geti la nyumba ya mwigizaji Shah Rukh Khan wakisubiri apunge mkono. Hakupunga. Mama mkubwa aliniuliza kama nimemwona Amitabh. Nilimwambia anaishi Juhu, mbele zaidi. "Basi hujaona kitu," alisema.

Maji yanajaa

Siku mbili kabla ya kurudi, daktari alimruhusu mama mkubwa kutembea taratibu mahali tambarare, asubuhi, kabla ya jua kali. Akachagua mwenyewe: Haji Ali. Ni msikiti mdogo mweupe wenye kaburi la walii, juu ya mwamba baharini, unaosemekana kujengwa mwaka 1431. Unafikiwa kwa njia nyembamba ya saruji isiyo na kingo, ipatayo nusu kilomita, na njia hiyo humezwa maji yakijaa. Wanawake walikuwa wamezuiwa kuingia mpaka ndani tangu mwaka 2012. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Bombay ikaamua waingie kama zamani.

Tulifika saa tatu. Alitembea akinishika mkono, anasimama, anavuta pumzi, anaendelea. Watu wa kila dini walitupita, na maua, na watoto mabegani. Ndani alisoma Fatiha, akakaa kwenye kivuli cha ukuta, akatazama bahari. Nilidhani amesinzia.

"Jana usiku mwezi ulikuwaje?" aliuliza.

"Mpevu, mama. Kumi na nne au kumi na tano."

"Bamvua." Alinyanyua kidole kuelekea mawe ya chini. "Lile jiwe jeusi tulilipita likiwa kavu. Maji yanajaa. Nyanyuka."

Nikamwambia kwetu bamvua hujaa alasiri, bado tuna muda. Alinitazama kwa huruma. Alikulia Chongoleani, akienda pwani na mama yake maji yakipwa kuokota kome, na hajawahi kumwuliza mtu saa. "Kwetu ni kwetu," alisema. "Hapa tazama jiwe."

Tukarudi, polepole kama tulivyokuja. Tulipokuwa katikati, wimbi la kwanza lilipanda ukingoni likalowesha kandambili zake. Kijana muuza kofia alikuwa tayari anafunga bidhaa zake, akatupisha. Tulifika upande wa pili, nikamkalisha kwenye kigoda cha muuza chai, tukapewa glasi ndogo zinazochoma vidole. Kabla hatujazimaliza, njia haikuwapo tena. Palikuwa na maji tu, msikiti mweupe upande wa pili, na watu waliobaki huko wamejipanga kivulini kungoja adhuhuri ipite.

Mama mkubwa alipuliza chai yake, akapeleka macho ng'ambo.

"Kumbe hiki," alisema, "hawajakifukia."